Mkono Mfupi wa Msalaba wa Musonoi

Shaba husafishwa kwa majivu na limau. Kaku alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Unakata limau katikati, unalichovya kwenye majivu ya makaa yaliyochekechwa, unasugua kwa duara ndogondogo mpaka povu jeusi litoke, halafu unafuta kwa kitambaa kikavu. Chini ya ule weusi hujitokeza wekundu mpole, kama udongo wa kwetu mvua ikishapita.

Kaku ndivyo wanavyomwita nyanya katika jimbo la Kasai, na yeye alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Mama yangu ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Tuliishi watatu katika nyumba ya kampuni ya shaba, kambi ya Musonoi, kusini ya Katanga, mstari wa nyumba zinazofanana hadi mgeni hupotea akitoka msalani. Baba hakuwepo. Baba alikuwa kwenye msalaba.

Msalaba huo ulikuwa katika kiwanja kilicho kati ya zahanati na uwanja wa mpira, na kila Jumamosi asubuhi wanawake walitoka majumbani na malimau yao na mikebe ya majivu. Sikuwahi kusikia mtu akiuita kumbukumbu ya vita. Walisema tu, "Twende tukabasafishe," kwa sauti ileile waliyotumia kwa watoto waliorudi na matope.

Haukuwa msalaba wa kanisa. Ulikuwa na mikono minne iliyotanuka kwenye ncha, mfano wa ile misalaba midogo ya shaba ambayo wazee wa nchi hii walinunulia na kuolea zamani, kabla mzungu hajafika. Huu tu ulikuwa mkubwa, mrefu kama mtu mzima aliyelala, na ulilazwa juu ya rundo la mawe meusi ya takataka za tanuri, umeinama kidogo kuelekea machweo. Mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine. Ncha ya mkono huo mfupi ndiyo ilikuwa mahali pa Kaku, na hapakuwa na mwanamke mwingine aliyepagusa.

Mimi vita sikuviona, vile vya waasi waliovuka mpaka na majeshi yaliyokuja kuwatoa. Nilikuwa mgongoni mwa mama. Risasi ziliponyamaza kidogo baba alitoka kutafuta maji, akiwa na ndoo ya bluu, na hakurudi. Baadaye lori lilipita likikusanya waliolala barabarani, wakazikwa pamoja mahali ambapo kila mtu anapaonyesha kwa kidole tofauti. Ndoo ilirudishwa na jirani. Tuliitumia miaka yote, na hata leo sipendi rangi ya bluu kwenye chombo cha maji.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa kazi walikuja na mchoro wa ukuta mweupe wa saruji, na majina yachongwe kwa mstari. Wanawake wakaukataa. Wageni waliona ni ujinga, lakini watu wa kambi walielewa. Siku zile jina la marehemu lilikuwa swali. Ameuawa na nani? Alikuwa upande gani? Alifuata nini barabarani? Mwanamke mmoja, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamekufa kwa mikono ya pande mbili tofauti, alisema, "Muandike majina, kisha kesho mutakuja kutuuliza. Muache."

Wazo la msalaba wa shaba lilitoka kwa mtu aliyekuwa amestaafu kazi ya tanuri. Alikuwa mtu wa hapahapa, mfupi, mwenye kupenda lutuku na kudai kwamba pombe ile ndiyo iliyomtunzia mapafu. Alisema kila nyumba yenye marehemu ilete kitu cha shaba, chochote, naye atayeyusha vyote pamoja. Akajenga tanuri dogo kwa udongo wa kichuguu, kama walivyofanya wafua shaba wa zamani, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Vijana waliozoea mitambo ya umeme walimcheka. Watu wakaleta bawaba, nyaya, sahani za ukutani zilizogongwa picha za swala, vikuku, sufuria moja nzima.

Kaku alileta kikuku. Baba alikuwa amekisokota mwenyewe kwa uzi wa shaba, mwaka wake wa kwanza wa kazi, akamvisha mama yake kabla hajanunua hata shati. Kilikuwa kimembana mkononi. Ilibidi wapake sabuni ndipo kitoke. Kila mwanamke alitumbukiza kitu chake kwa mkono wake huku akiita jina kwa sauti. Hapo ndipo majina yalipotajwa, mara moja tu, motoni. Kisha fundi akakoroga kwa mti mbichi, maana mti mbichi ukizama kwenye shaba iliyoyeyuka hutokota na kuitoa uchafu, akamimina kwenye kalibu ya mchanga. Shaba haikutosha. Mkono wa mwisho ukatoka mfupi.

"Nitaurudia," fundi alisema.

"Uache," Kaku alimjibu. "Batu gani bako na mikono yote sawa?"

Siku ya kuuweka kila mwanamke alisimama alipopata nafasi, na pale aliposimama pakawa pake. Hakuna aliyepanga. Jumamosi iliyofuata alirudi palepale, na nyingine palepale, mpaka ikawa sheria: husafishi mahali pa mwenzako. Mtu akiugua, pake panaingia weusi hadi apone. Walidhani watakuwepo daima. Ndiyo maana hawakuandika popote pa nani ni wapi.

*

Nilikuwa msichana wa shule ya sekondari maneno yalipoanza. Yalianzia mbali, kwenye redio na kwenye mikutano ya mtaa wa Manika, kisha yakasogea kama maji yanayopanda sakafuni. Watu wenye asili ya Kasai watoke. Wamekula kazi zetu. Warudi kwao. Asubuhi moja kwenye mlango wa jirani tulikuta limeandikwa kwa chaki neno "bilulu", wadudu. Jirani alikuwa karani mwenye miwani, mtu wa kutengeneza redio za watu bure. Alichukua maji akalifuta. Kesho yake likaandikwa tena, na safari hii hakulifuta.

Kwetu alikuja mjomba, kaka mdogo wa mama. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia, na mama hakumpa kiti.

"Dada, mi nimekuja mwenyewe juu bengine basikuje na mafimbo," alisema. "Huyu mama aende ku gare, apande treni pamoja na benzake."

Kaku alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso. "Baba, niende wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu ni wapi? Mi nilifika hapa mu mugongo ya mama yangu. Bwana yangu alichimba ile shimo munayoangalia. Weye ulizaliwa, mi niko hapa. Ni mi nilikuosha, na ulilia sana."

Mjomba alitazama viatu vyake. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Mutoto anabaki. Huyu ni wetu."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu yeyote akisema kwamba mimi ni wa nani. Kwa desturi ya watu wa baba yangu, na hata ya mama yangu, mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilikuwa wa Kaku. Sasa mtu aliyekuja kumfukuza Kaku ndiye alikuwa ananipokea. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, karibu na ndoo ya bluu, na kwa mara ya kwanza nikaona mstari wetu wa nyumba ulivyokuwa kimya. Nusu ya milango haikuwepo. Watu walikuwa wameing'oa waende nayo.

Kaku alikataa kuondoka. Si kwa ujasiri. Alikuwa akitetemeka usiku na mchana. Alisema neno moja tu, na alilirudia kwa kila mtu aliyemjia: "Nitamuacha na nani?"

Mama alimwambia kwamba marehemu haachwi, anabebwa moyoni. Kaku akamtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto anayesema jambo alilofundishwa kanisani. "Moyo yangu inabeba bengi," alisema. "Ye nilimutia mu moto na mukono yangu. Hakuna kaburi ingine."

Watu walikuwa wakipelekwa stesheni makundi kwa makundi, wakilala chini ya mashuka na mabati wakingoja treni ambayo huja inapotaka. Mjomba alirudi mara ya pili, uso wake umeingia hofu. Alisema wenzake wanauliza kwa nini nyumba ya dada yake bado ina mtu. Ndipo Kaku akafunga mzigo wake. Akaufunga vizuri, akauweka mlangoni, akachukua limau, mkebe wa majivu na kitambaa chake cha kusafishia, kipande cha kikwembe cha zamani kilichobaki na maua nusu nusu. Haikuwa Jumamosi. Akaniambia nimwite fundi, na nimwambie aje na tindo na nyundo.

Fundi alikuja akinuka lutuku. Wanawake wengine walituona wakaja pia, wale waliobaki na wale waliokuwa wanaondoka, maana wote walijua msalaba ule.

"Tata fundi," Kaku alisema, akiweka kidole kwenye ncha ya mkono mfupi. "Unikatie hapa. Kadogo tu, kama kikuku. Niende naye."

Kisha mwanamke mmoja kijana, mke wa mtu aliyekuwa anasubiri cheo kwenye nafasi za wanaofukuzwa, akacheka. "Mama, kwenu kuko diamant, ile almasi, chini ya kila kitanda. Utalilia kipande ya shaba?"

"Nyamaza," alimwambia yule aliyepoteza watoto wawili. "Weye hauna mutu hapa ndani."

Fundi aliinama. Alipitisha kiganja chake juu ya msalaba wote, pole pole, toka mkono mrefu hadi mfupi. Niliona midomo yake ikitafuta mzaha, kama kawaida yake, na isiupate.

"Mama," alisema, "nikikata hapa, ninakata nani? Nilikoroga. Nilikoroga na ile muti mupaka byote bikakuwa kitu moja. Pengine mutoto yako iko kule upande ingine. Pengine hapa ninakata mutoto ya huyu."

"Lakini mi ninasimama hapa."

"Weye unasimama hapa. Ye iko fasi yote."

Upepo wa vumbi la mgodi ulipita, ukaacha unga mwekundu kwenye mikono yetu. "Ungekoroga pole pole kidogo, tata fundi," Kaku alisema, na wanawake wakacheka, hata fundi, na kicheko kikageuka katikati ya koo za watu kikawa kitu kingine. Yule aliyepoteza wawili alimshika Kaku kiunoni. Yeye alikuwa anabaki.

Kaku akajitoa taratibu. Akakata limau. Akasafisha mahali pake, duara ndogondogo, bila haraka, kama kwamba treni ingemngoja. Alipomaliza, alikipasua kitambaa vipande viwili kwa meno. Kimoja, kilichokuwa na weusi wa shaba wa miaka yote, akakitia kifuani mwake. Kingine akanipa mimi.

Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu. Nguo zangu zilikuwa ndani ya fuko la unga, chini ya kitanda, na mama alijua na alikuwa hajasema kitu. Nilikuwa nimeamua kuondoka na Kaku, kwa sababu nilikuwa wake. Nilifungua mdomo kumwambia.

"Sikuachii mama yako," alisema kabla sijasema. "Ninakuachia baba yako. Hawezi kubaki yeye peke yake mara mbili."

Mjomba ndiye aliyembebea mzigo hadi stesheni, kichwani, kupitia barabara kuu, mbele ya wenzake waliokuwa na fimbo. Wakampigia mbinja, wakamuita mke wa Mukasai. Hakugeuka. Sijui jambo hilo nilihesabu wapi ndani yangu. Mpaka leo nikikutana naye hatusemi sana, na hatuachi kusalimiana.

Treni ilipofika niliona mkono wa Kaku kwenye dirisha la behewa la mizigo, mkono usio na kikuku, na alama ya kikuku bado ikionekana. Kisha njia ilipinda kuelekea Tenke, safari ya Kasai.

*

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na limau langu. Wanawake waliokuja walikuwa wachache, na walisimama mbalimbali kuzunguka msalaba, kama meno yaliyobaki mdomoni. Kati yetu palikuwa na nafasi tupu. Hatukusogea kuziziba. Kila mmoja alisafisha pake, akafuta, akaenda zake.

Baada ya misimu michache ya mvua msalaba ulikuwa na madoa. Waliobaki walikuwa mwanga. Waliofukuzwa walikuwa weusi, na juu ya weusi kutu ya kijani ikaota kama ukungu. Mtu yeyote angeweza kusoma kambi yetu hapo: hapa mke wa karani mwenye miwani, hapa mshona nguo, hapa dada wawili mapacha. Waliukataa ukuta wa majina, na sasa shaba yenyewe ilikuwa inaandika. Ncha ya mkono mfupi peke yake, upande ule wote, ilikuwa inang'aa. Nilisugua kwa hasira. Nilitaka mtu aliyeko Tenke, Kamina, popote njia ile inapofika, aone mmweko.

Wakati huo kazi nayo ilikuwa inakufa. King'ora cha zamu, kilichotuamsha maisha yetu yote, siku moja hakikulia, na watu walichelewa kuamka mpaka jua likawachoma. Posho ya unga ikakoma. Kisha shaba ikaanza kuondoka. Nyaya za umeme zilikatwa kwenye nguzo, mabomba yalichimbuliwa, kengele ya shule ilitoweka katikati ya likizo. Wanunuzi walikaa na mizani zao kando ya barabara, hawakuuliza kitu kilikuwa nini jana.

Fundi alikuja nyumbani kwetu mchana mmoja, macho makavu, hanuki kitu. Lutuku nayo ilikuwa imemshinda kununua. Alikuwa na mkebe wa lami.

"Mutoto yangu," aliniambia, "ile doa yako njo itatuuza."

Sikumwelewa.

"Msalaba umekuwa mweusi fasi nyingi. Mutu anapita, anawaza ni chuma. Chuma hakuna mutu anaiba. Lakini anafika kwako, anaona shaba inacheka. Bale benzako nimesema nao, bamekubali. Nimebakia weye."

"Kaku alisema—"

"Ninajua Kaku alisema nini. Nilikuwa pale." Alikaa kizingitini, akaweka mkebe kati ya miguu yake. "Ukimung'aza, batamukata, batamuyeyusha, atakuwa waya ku Ulaya. Ukimuficha, anabaki. Chagua."

Mama alikuwa ndani. Nilisikia mwiko wake umesimama katikati ya bukari, ugali wetu. Nilitamani aniite, aseme kwamba yeye ni mke wa baba, aje achague yeye. Hakuniita. Nadhani alijua kwamba mahali pale hapakuwa pake. Yeye siku ile ya kuuweka alikuwa nyumbani ananinyonyesha.

Tulikwenda pamoja, fundi na mimi na wale wanawake wachache. Kila mmoja alipaka lami mahali pake mwenyewe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Kabla ya kupaka nilisafisha mara moja zaidi, vizuri, kwa majivu na limau, mpaka nikaona uso wangu ndani ya wekundu ule, mwembamba na uliopinda, sifanani na mtu. Kisha nikachovya brashi. Lami iliingia kwenye mikwaruzo yote ambayo Kaku aliikwaruza, na pakawa giza.

Msalaba ulibaki. Zahanati iling'olewa mabati, uwanja wa mpira ukachimbwa mashimo na watafuta mawe, na ile X nyeusi ililala palepale juu ya takataka za tanuri, na watu wakaikalia wakifunga viatu. Niliwaacha wakalie. Jumamosi nilikuwa bado nakwenda, bila limau. Nilipitisha kitambaa kikavu juu ya lami, nikakaa kidogo, nikarudi.

Miaka ilipita ndipo baadhi ya watu wakaanza kurudi, mmojammoja, wengi wao wachuuzi. Nilikuwa nimeanza kuandika, na nilikuwa nimekodi chumba Manika karibu na soko. Mama mmoja aliyeuza mahindi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, aliweka chini kopo lake la kupimia.

Alikuwa amekaa na Kaku mtaa mmoja huko Kasai. Kaku alikuwa hai, alisema, lakini macho hayaoni tena, na wajukuu wa watu wanamcheka kwa sababu anaongea Kiswahili ndotoni. Ana kitambaa anachokishika. Kila anayesema anasafiri kuja huku anamtuma swali lilelile, na hakuna aliyewahi kumrudishia jibu.

"Anauliza: anang'aa?"

Nilisimama mbele ya mahindi ya watu. Pikipiki zilikuwa zinapita, mtu alikuwa anagombana na mtu juu ya kivuli cha mwavuli. Niliwaza niseme ndiyo. Angekufa na ndiyo hiyo, asingejua kamwe. Niliwaza pia nimweleze habari ya lami, mizani za barabarani, kengele ya shule, yote, lakini maelezo hayo yangehitaji kusafiri kwa treni kichwani mwa mchuuzi, na yangefika yamekatwa mikono.

"Mwambie," nilisema, "yupo."

Yule mama alingoja. Alipoona siongezi kitu, alirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayelifunga kwenye pindo la kikwembe, kisha akainua kopo lake akaniuliza nataka kipimo kikubwa au kidogo.